Fremu na siti: niliyojifunza kwenye barabara ya Morogoro

Baiskeli yangu ya kwanza ya safari ndefu niliinunua Dar es Salaam, kwenye duka la mitumba, kwa sababu mbili tu: rangi yake ya kijani ilinivutia, na keria yake ya chuma ilionekana imara. Muuzaji aliishusha siti, akaniambia nizunguke uani mara moja, kisha akanihakikishia kwamba hali ya kujinyoosha niliyoilalamikia ingekwisha nikishaizoea. Fremu ile ilikuwa ya sentimita 56. Mimi nina kimo cha sentimita 168, na nilikuja kujua baadaye kwamba inayonifaa ni ya sentimita 52 hivi. Tofauti ya sentimita 4 haionekani kwa macho dukani. Nilipofika Chalinze, baada ya kilomita zipatazo 100, vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vilikuwa vimekufa ganzi, shingo imekaza, na makalio yananiuma kiasi kwamba kipande kilichobaki hadi Morogoro nilikiendesha kwa kusimama juu ya pedeli kila baada ya dakika chache.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba kosa ni la siti. Nikanunua nyingine, pana, nene, yenye jeli ndani, ambayo ukiibonyeza kwa kidole gumba inazama kama godoro jipya. Kwa nusu saa ya kwanza ilikuwa raha tupu, lakini kufikia saa ya pili ganzi iliyokuwa mikononi ilikuwa imehamia msambani, na hilo lilinitia hofu zaidi. Ndipo nikaipeleka baiskeli kwa fundi mmoja mtu mzima, ambaye hakuigusa siti hata kidogo. Alinishikia baiskeli, akaniambia nipande na kukanyaga nyuma taratibu, akanitazama kwa ubavu kwa muda mrefu, kisha akasema: “Mdogo wangu, siti haina kosa. Usukani uko mbali nawe, kwa hiyo kila ukikanyaga unateleza kuja mbele, unaishia kukalia pua ya siti. Hata nikikufungia sofa, utateleza tu.”

Maneno hayo ndiyo yaliyobadilisha namna ninavyoitazama baiskeli. Maumivu husikika kwenye siti, lakini mara nyingi huzaliwa kwenye fremu, na mtu anayebadilisha siti moja baada ya nyingine juu ya fremu isiyomtosha anatupa fedha zake.

Namba ya ukubwa wa fremu kwa kawaida ni urefu wa bomba lile la wima linalopokea siti, ukipimwa kuanzia katikati ya ekseli ya pedeli, yaani ile inayopita ndani ya fremu, kwenda juu. Tatizo ni kwamba watengenezaji wengine huishia mwisho wa bomba hilo na wengine huishia pale linapokutana na bomba la juu, na fremu nyingi za siku hizi zina bomba la juu lililoinama, hivyo 54 ya baiskeli moja si lazima iwe 54 ya nyingine. Baiskeli za milimani hupimwa kwa inchi, vilevile zile za mizigo tulizokulia, ambazo nyingi ni za inchi 22 au 24. Kwa hiyo mimi huenda dukani na futi yangu ya fundi cherehani mfukoni, nikapima mwenyewe vitu viwili: kimo cha bomba la juu kutoka ardhini, na urefu wa mlalo kutoka kwenye bomba la mbele linalopokea usukani hadi kwenye lile linalopokea siti. Hicho kipimo cha pili ndicho muhimu zaidi, na ndicho ambacho hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia.

Kabla ya kuipima baiskeli, jipime mwenyewe. Simama pekupeku, mgongo ukiwa umegusa ukuta, miguu ikiwa imeachana kwa sentimita 15 hivi, kisha chukua kitabu chenye jalada gumu, kibane katikati ya miguu na ukivute juu hadi kigandamize msamba kwa nguvu ileile ambayo siti ingekugandamiza. Mwenzako apige alama ya penseli ukutani kwenye ukingo wa juu wa kitabu, nawe upime kutoka sakafuni hadi kwenye alama. Rudia mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza karibu kila mtu hukilegeza kitabu. Kipimo changu ni sentimita 78. Kwa fremu ya zamani yenye bomba la juu lililolala sawasawa, watu huzidisha kipimo hicho kwa 0.66 hivi, na kwangu mimi hesabu inaleta sentimita 51.5. Hesabu hiyo hukuonyesha tu mlango wa kuanzia, lakini ingekuwa imeniokoa na ile ya kijani.

Ukisimama na baiskeli katikati ya miguu, uwe na nafasi ya sentimita 3 hadi 5 kati ya msamba na bomba la juu. Vitabu hutaja nafasi hiyo kama suala la starehe, lakini kwa anayesafiri kwenye barabara zetu ni suala la usalama. Basi likikupigia honi nyuma, na lori linakuja mbele, utatoka lami na kuingia kwenye bega la barabara ambalo mara nyingi liko chini kuliko lami na limejaa kokoto. Ukiwa na mzigo wa kilo 20 kwenye keria, mguu wako unapaswa kuifikia ardhi mara moja. Juu ya ile fremu ya sentimita 56 nilikuwa ninatua kwa ncha za vidole huku bomba likinikaa msambani, na mara mbili baiskeli ilinilalia pamoja na mzigo wake wote.

Ukisitasita kati ya fremu mbili zilizo karibu, ushauri wangu ni kuchukua ndogo. Fremu iliyopungua kidogo inaweza kunyooshwa: unapandisha bomba la siti, lile linaloingia ndani ya fremu, na unafunga shingo ya usukani, kipande kinachoushika usukani, iliyo ndefu au iliyoinuka zaidi. Fremu iliyozidi huwezi kuikata. Fundi wangu alijaribu kunisaidia kwa kufunga shingo fupi ya sentimita 6 badala ya ile ya 10, na kweli mikono ilipata nafuu, lakini usukani ukawa unayumba kwa mguso mdogo tu, jambo ambalo si zuri mteremkoni. Kwa safari ndefu napenda usukani uwe sawa na kimo cha siti au juu yake kidogo. Mgongo unainama kwa kiasi, shingo haijipindi kuitafuta barabara, na uzito unagawanyika kati ya makalio, miguu na mikono.

Fremu ndogo nayo ina tabia zake. Pale magurudumu makubwa yanapofungwa kwenye fremu fupi, ncha ya kiatu inaweza kugusa gurudumu la mbele au madigadi yake unapokata kona taratibu. Kwa mtu mfupi, magurudumu ya inchi 26 huliondoa tatizo hilo, na tairi zake za aina ya milimani hupatikana hata kwenye miji midogo. Angalia tu namba ya milimita iliyochapishwa ubavuni mwa tairi: ya milimani husomeka 559, ilhali baiskeli nyingi za mjini zinazotoka Japani nazo zimeandikwa 26 lakini ni 590, na hiyo tairi moja haiingii kwenye rimu ya nyingine. Tazama pia nyuma: kutoka ekseli ya pedeli hadi ekseli ya gurudumu la nyuma pawe na sentimita 44 au zaidi, la sivyo kisigino kitakuwa kinaupiga mkoba wa pembeni kila unapokanyaga.

Fremu ikishakutosha, ndipo siti inapostahili muda wako. Kimo huja kwanza. Kuna hesabu inayojulikana sana, ya kuzidisha kipimo cha msamba kwa 0.883, ambayo mwendeshaji wa Marekani Greg LeMond, mshindi wa Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, aliifanya maarufu. Jibu ni umbali kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi juu ya siti. Kwangu ni sentimita 68.9, na baada ya majaribio ya wiki kadhaa nimetulia kwenye 68.5 kwa sababu ninavaa viatu vyenye soli nyembamba. Asiyependa hesabu aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Akirudi kukanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya wayo, goti litabaki limejikunja kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi yanasema siti iko chini mno, ya nyuma ya goti yanasema iko juu mno. Usisogeze zaidi ya nusu sentimita kwa siku moja, maana hutajua ni badiliko lipi lililokusaidia.

Kuhusu umbo la siti, wengi tulipotoshwa na Phoenix, ile baiskeli ya mizigo. Ile siti yake pana yenye springi ni nzuri kabisa mahali pake, kwa sababu juu ya Phoenix unakaa wima na karibu uzito wako wote unashuka kwenye makalio. Kwenye baiskeli ya safari unainama, nyonga inalala mbele, na upana uleule unakuwa kikwazo kinachosugua mapaja. Siti hufuata namna ya kukaa. Kinachopaswa kukubeba ni ile mifupa miwili iliyo chini ya makalio, na umbali kati yake unaweza kuupima bila gharama: weka kipande cha boksi lenye mikunjo kwenye ngazi ya saruji, likalie kwa dakika moja ukiwa umeinama mbele kidogo na kuvuta visigino juu, kisha inuka na utafute vishimo viwili kwenye boksi. Vyangu vilikuwa na sentimita 12 katikati. Ongeza sentimita 2 au 3, upate upana wa siti yako. Dada mmoja ninayesafiri naye alipata 14, na akaacha kupambana na siti yangu niliyokuwa ninamsifia kila siku. Hapo ndipo jeli ilipoonyesha udhaifu wake: mifupa inazama, na nyama laini ya katikati ndiyo inayogandamizwa.

Mimi sasa ninakalia siti ya ngozi, Brooks B17, ambayo kampuni hiyo ya Uingereza imekuwa ikiitengeneza tangu mwishoni mwa karne ya 19. Niliipata ikiwa imetumika. Ni ngumu, na mpya huhitaji mamia ya kilomita kabla ngozi haijafuata mifupa ya mwenyewe, lakini ikishafuata hakuna ninachoweza kulinganisha nayo. Pwani ina masharti yake: unyevu wa Dar huota ukungu juu ya ngozi usipoifuta, na mvua moja ya masika ukiwa umeikalia inaweza kuinyoosha isirudi tena. Ninaipaka mafuta ya ngozi kidogo sana mara mbili kwa mwaka, na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, ninaifunika kwa kofia ya kuogea. Boliti iliyo chini ya pua ninaikaza kwa robo mzunguko tu, pale ngozi inapoanza kulegea.

Kitu cha mwisho ninachokifanya kabla ya safari ni kuzungusha utepe mweusi wa fundi umeme kwenye bomba la siti, pale linapoingia kwenye fremu. Baiskeli ikipakiwa kwenye buti la basi, siti huchomolewa au kusukumwa chini ili itoshe, na ukifika Iringa saa mbili usiku, mikono imechoka na hakuna futi karibu, unaipandisha hadi utepe uonekane wote, unakaza kwa spana namba 13, unaondoka.