Wembe wa babu

Binti yangu yuko mafundisho ya komunyo ya kwanza. Katekista kawapa kazi: wakariri matendo ya huruma, saba ya mwili na saba ya roho, kisha kila mmoja amuulize mzazi wake amewahi kutenda lipi. Juzi usiku kanifuata jikoni na daftari.

"Mama, wewe nikuandike lipi?"

"Kutembelea wagonjwa," nikamjibu bila kufikiri. Akaandika, akaenda zake. Mimi nikabaki nasonga ugali ulioiva zamani.

Tabora, Oktoba 2003, niko kidato cha tatu. Mama Teresa alikuwa ametangazwa mwenyeheri tarehe 19, na kwa kuwa masista wake walifika Tabora tangu 1968, sisi Wakatoliki wa pale tulijiona tuna hisa yetu Roma. Mlezi wetu wa TYCS, umoja wa vijana wanafunzi Wakatoliki, akasema tusiishie kwenye nyimbo. Si kila mkutano tunasema Ona, Amua, Tenda? Basi tutende. Jumamosi tukapakiwa kwenye lori na sabuni za mche, sukari na khanga kuukuu, hadi nyumba moja ya wazee nje ya mji. Wengi walikuwa wameshapona ukoma miaka mingi, ila hawakuwa na pa kurudi.

Wavulana wakachanja kuni. Sisi tukafua, tukadeki, tukakata kucha. Mimi nikaangukia kwa babu aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mwembe, mikono ndani ya beseni la maji ya moto kiasi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kata tu, mimi nakupigia hadithi."

Hadithi yenyewe ilikuwa ya enzi anapanda treni kwenda Kigoma kufuata dagaa. Mjanja sana yule mzee, alikuwa anamwigiza mkagua tiketi mpaka nikawa nacheka na wembe mkononi. Kidole gumba kilikuwa kimepinda, ukucha mgumu kama pembe. Nikakaza. Wembe ukateleza.

Damu niliiona mimi kwanza. Ilidondoka kwenye maji, ikajinyoosha kama uzi. Babu hakushtuka. Alikuwa amefika Uvinza, ananieleza bei ya chumvi. Ndipo nikaelewa lile neno ganzi tulilofundishwa kwenye baiolojia: dawa huua vijidudu, mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa hairudi. Ningeweza kumkata mpaka mfupani naye angeendelea na safari yake.

Sikupiga kelele wala sikuita mtu. Niliurudisha mkono wake ndani ya beseni, taratibu, kama vile maji yangenificha.

Maji yakawa mekundu. Akanyamaza, akatazama chini, kisha akanitazama mimi.

"Imeingia sana?"

Sikuweza kujibu.

"Lete huo wembe."

Nikampa. Akaubana kwa vidole vyake vilivyobaki nusu, akauweka juu ya paja lake. Sista alikuwa tayari anakuja.

"Babu! Nini tena hiki?"

"Nilimnyang'anya mtoto wembe. Nikadhani bado naweza mwenyewe."

Akasemwa. Akasemwa kama mtoto wa chekechea, kwamba mtu asiyesikia maumivu hachezei wembe, kwamba ameambiwa mara ngapi, huku akifungwa kitambaa. Aliitikia, "Ndiyo sista, ndiyo sista." Mimi nimeshika beseni, mdomo nimeufunga. Mpaka leo sijui kama nilinyamaza kwa woga au kwa kuwa yeye ndiye alitaka ninyamaze. Nimejaribu majibu yote mawili.

Jioni niliandika ripoti: wazee wamehudumiwa vizuri. Mlezi akaisoma mbele ya wote. Babu nilikuwa nimemwahidi nitarudi Jumapili ili anifikishe Kigoma. Ikaja mitihani, ikaja likizo.

Nikiwa napakua, binti karudi.

"Mama, kumbe na la roho linatakiwa."

Nikachukua daftari, nikapitia orodha kwa kidole. Kuonya wakosefu. Kusamehe. Kuvumilia wasumbufu. Nikasimama hapo.

"Hili mimi nilitendewa," nikamwambia.

Akaligeuza daftari, akatafuta juu na chini ya ukurasa.

"Kutendewa hakuna sehemu ya kuandika, mama."