Daraja la njiti na kenchi za jirani

Hii ilikuwa 2019, Mbagala, Jumamosi asubuhi chini ya mwembe pale nilipokuwa nimepanga. Watoto 12 wa darasa la tano na la sita, njiti za mishikaki, uzi, na mabenchi mawili yameachana sentimita 50. Kazi yao: daraja livuke hapo katikati libebe sukari kilo moja. Nikawaambia hampati njiti mpaka mchore, maana watoto bana ukiwaachia wanarukia kufunga tu, wakati uhandisi unaanza kwenye kujiuliza na kuchora, halafu kujaribu, likianguka unatafuta limeangukia wapi, unarudia. Karibu wote wakachora la Kigamboni, lile la mita 680, na nyaya zake.

Mabinti watatu wakatengeneza miraba miraba, imepangana vizuri mno. Kuweka sukari, daraja halikuvunjika, likalala ubavu polepole, kila mraba umepinda kama boksi la kiberiti lililokanyagwa. Njiti hata moja haijakatika! Wakaongeza njiti, likalala tena.

Hapo ndo nikakosea. Nikachukua njiti nikaifunga mwenyewe kona kwa kona, nikaweka sukari, ikakaa, wenzao wakapiga makofi. Yule mdogo wao hakupiga. Akasema, "Ticha, sa hilo si lako?"

Aisee iliniingia. Nikachukua wembe nikakata uzi wote niliofunga, nikawarudishia daraja lao kama lilivyokuwa, nikaenda kukaa pembeni, na kule kukaa kimya kulinishinda nguvu kuliko somo lolote nililowahi kufundisha.

Zikapita kama dakika 20. Jirani alikuwa anapaua, fundi yuko juu anagonga misumari kwenye kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, na yule binti kakodoa macho huko huko.

"Shikamoo fundi! Hiyo mbao iliyokaa kona kwa kona kama njiti ya ticha, kazi yake nini?"

"Marahaba. Hiyo ndo inazuia kenchi isicheze. Itoe uone."

Wakarudi mbio. Wala hawakufunga kama mimi, walianza kulisukuma daraja kwa kidole kutafuta linapocheza, hapo ndo wanaweka njiti ya kona kwa kona, mraba unageuka pembetatu mbili, wanasukuma tena, wanahamia pengine. Pembetatu haina pa kupinda mpaka njiti ikatike, ila sikusema neno.

Sukari ikawekwa. Daraja likabonyea kidogo katikati, likatulia. Binti akachungulia kwa chini, akakagua fundo moja moja, akanigeukia, "Ticha, lete na unga."