Walisema sensa ya kidole imekufa, kumbe inazimwa tu

Naandika hili kwa sababu nimechoka kuona watu wanaambiwa "sensa (kile kisoma alama za vidole cha laptopu) imekufa, badilisha" bila hata kuulizwa inagoma wakati gani. Yangu ilikuwa hivi, ukirestati laptopu kidole kinasoma vizuri kabisa, ukiifunga mfuniko ikalala ukaja kuifungua baadaye inadai haioni kifaa cha kusoma alama za vidole. Sasa kitu kilichokufa kinafufukaje kila ukirestati? Fundi mmoja akataka tubadilishe kitufe cha pawa maana sensa iko humohumo, mwingine akasema tupige Windows upya, nikawakatalia wote.

Nikafuta kidole nikasajili upya, wapi. Nikazama zaidi, nikasimamisha Windows Biometric Service (huduma ya Windows inayoshughulikia alama za vidole), nikaingia C:\Windows\System32\WinBioDatabase zinakohifadhiwa hizo alama, mafaili ya mle ndani nikayahamishia pembeni (hamisha, usifute), nikaiwasha tena ile huduma nikasajili vidole upya, PIN ipo kwa hiyo hakuna hofu ya kufungiwa nje. Kidole kikawa kinapita fasta mpaka nikashangilia, nikaifunga laptopu, kuifungua tu, yaleyale! Lakini hapo ndo nikawa na uhakika kwamba alama hazina shida.

Nikafungua Device Manager (orodha ya vifaa vyote vya kompyuta ndani ya Windows), nikaiacha wazi kwenye Biometric devices, nikailaza mashine. Ilivyoamka, sensa ina kialama cha njano. Ukiingia Properties halafu Power Management unakuta tiki inayoruhusu kompyuta ikizime kifaa ili kuokoa umeme, na ndo mchawi mwenyewe huyo. Sensa nyingi za laptopu zimeungwa kwa USB kwa ndani, kwa hiyo Windows inaizima kama inavyozima kifaa kingine chochote cha USB, halafu draiva (programu inayoendesha kifaa) ikiwa mbovu sensa haiamki. Nikatoa tiki, nikaweka draiva ya modeli yangu kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu yenyewe, sio zile tovuti za draiva za kuokoteza, nikazima kabisa, nikachomoa chaja, nikashikilia kitufe cha pawa kama nusu dakika hivi umeme uliobaki uishe, nikawasha.

Mpaka leo nafunga nafungua, kidole kinapita na hela yangu iko mfukoni. Kama hiyo tiki huioni kwenye sensa icheki kwenye USB Root Hub (kitovu cha USB cha ndani), humohumo Device Manager. Ila kama sensa haionekani Device Manager hata ukirestati, na kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) haijazimwa, hapo ndo umwambie fundi afungue aangalie waya kwanza kabla hajakuuzia sensa.