Klorini kwenye maji ya dripu

Wakulima wenzangu wa Kayenze na Igombe huku Mwanza, maji ya ziwa saivi mnayaona yalivyo, kijani tupu, na ndo hayohayo tunavuta na pampu tunamwagia nyanya, matundu ya dripu (ile mipira ya kumwagilia kwa matone) yanaziba kila kukicha, ukipasua mpira ndani utelezi kama wa bamia. Mi siku hizi natibu na klorini ya unga ile ya asilimia 65. Simtanki la lita 1000 gramu 3 tu zinakupa kama miligramu 2 kwa lita, watu wanabisha wanataka kumwaga kikombe kizima hahaha. Naikoroga kwanza kwenye ndoo ya plastiki, maji yanaanza ndo unga unafata, naacha ule weupe utuame chini namimina ya juu tu maana ule mchanga nao unaziba. Ila chujeni kwanza, maji yakiwa na tope na mwani klorini inaishia humohumo. Na pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikipita 7.5 nguvu ya klorini inashuka, mwani ukiwa mwingi mchana pH inapanda, so natibu asubuhi. Napima na vile vikaratasi vya swimingi puli, tundu la mwisho kabisa la mstari, klorini ikisoma kati ya miligramu 0.5 na 1 kwa lita poa.

Jirani kaniuliza kwani asichanganye na mbolea ya SA (salfeti ya amonia) humohumo aokoe muda, nikamwambia mzee baba utatukimbiza shamba zima na huo moshi. Tindikali ndo kabisaa usithubutu.

Anayejua vikaratasi vinapouzwa mjini kwa bei ya kueleweka anicheki inbox.