Nilivyofuata maji ya uwanja wa ndege hadi kwa samoni

Samoni wa kwanza niliyempasua tumbo alikuwa jike la aina ya coho. Tulimkuta amekufa ukingoni mwa kijito cha Miller, mteremkoni chini ya uwanja wa ndege wa Seattle-Tacoma, jimboni Washington, Marekani, siku moja baada ya mvua kubwa ya Novemba. Mayai yalimjaa tumboni, ya rangi ya chungwa, kama shanga. Alikuwa ametoka baharini akapanda kijito chote hicho, na hakuwahi kutaga.

Nilikuwa mgeni kazini, nimepewa kusaidia kutathmini athari za upanuzi wa uwanja kwa samaki, na nilianza vibaya. Nilichora mstari kuzunguka eneo la ujenzi, nikapima ardhioevu iliyomo ndani, nikaona nimemaliza. Mama mmoja aliyenitangulia miaka mingi katika kazi hii aliitazama ramani akaniuliza, "Maji ya hapa yanakwenda wapi?" Nikakosa jibu.

Basi nikavaa mabuti, nikangoja mvua, nikafuata mtaro mmoja baada ya mwingine. Vijito vitatu, Miller, Walker na Des Moines, vinateremka kutoka huko juu uwanjani hadi Puget Sound, mkono wa bahari ulio karibu. Ufukweni ndiko hupita samoni wachanga wa aina ya Chinook, wanaolindwa na sheria ya Marekani tangu 1999. Coho wa huku hawalindwi na sheria hiyo, ila makazi yao yanaangaliwa chini ya sheria ya uvuvi, kwa hiyo nao ilibidi waingie kwenye tathmini.

Kilichonishughulisha zaidi ni maji yenyewe. Wakati wa baridi ndege hunyunyiziwa kemikali ya glaikoli ili kuyeyusha barafu. Bakteria wanapoila glaikoli hiyo humaliza oksijeni kijitoni. Hilo nililijua. La tairi ndilo lililonishtua. Mwaka 2020 watafiti wa jimbo la Washington walitambua kemikali itokanayo na vumbi la tairi za magari, 6PPD-kwinoni, inayoua coho kwa muda wa saa chache. Kwa hiyo maegesho na barabara mpya za kufikia uwanja nilizihesabu kwa uzito uleule wa lami ya njia za ndege.

Nilirudi kijitoni kila wiki hadi Desemba: hai wangapi, wafu wangapi, majike wangapi wamekufa na mayai yao. Nilikagua pia kipande cha Miller kilichohamishwa kupisha njia ya tatu ya kurukia ndege, iliyofunguliwa 2008. Nilitazama kokoto za kutagia, magogo, na kivuli cha miti.

Katika ramani ya pili mstari uliishia baharini. Pendekezo nililolipigania ni maji ya maegesho yapitishwe kwanza kwenye vitanda vya mchanga na mboji, maana majaribio yameonyesha coho huishi katika maji yaliyochujwa hivyo. Kwenye ukurasa huo nikaweka picha ya mayai ya yule jike.