Tundu la mfuniko wa tenki

Trekta ile ya Massey Ferguson 135 ilikuwa imetoka kupakwa rangi, inang'aa. Ikiingia shambani inalima kama dakika 20, inakohoa, inakosa nguvu, inazima. Dereva anatoa upepo, yaani hewa iliyonasa kwenye njia ya dizeli, inawaka, dakika 20 nyingine. Filta ilishabadilishwa. Nilipofika walikuwa wameshika spana wafungue pampu ya noza, ile inayosukuma dizeli kwenda injini.

Nikawazuia. Nililegeza bomba la dizeli chini ya tenki: ikatoka kama uzi, ikawa matone, ikasita. Tenki lilikuwa nusu. Nikazungusha mfuniko, ukavuta hewa, fyuuu, na dizeli ikanimwagikia kiganjani.

Mfuniko una kitundu cha kuingiza hewa kadiri dizeli inavyopungua. Fundi wa rangi alikuwa amekiziba. Dizeli ikishuka tenkini, hewa haiingii, mwisho pampu haina inachovuta. Wakati dereva anahangaika na upepo, hewa kidogo ilipenya kwenye nyuzi za mfuniko, ndiyo maana wote walidhani upepo ndio ugonjwa. Nilizibua kwa uzi mmoja wa waya. Kutoboa kwa drili sikubali. Tundu likiwa kubwa, vumbi na maji ya mvua huingia.

Upepo ulibaki kutolewa. Kiwiko cha pampu ya mkono, ile ndogo inayovuta dizeli kutoka tenkini, kikawa kinacheza bila uzito, na hapo wengi hununua pampu mpya bure. Kemu, chuma cha injini kinachosukuma pampu hiyo, ilikuwa imesimama ikiukandamiza mkono wake wa ndani. Nikazungusha injini mzunguko mmoja, kikashika. Nilianza na skrubu ya juu ya filta mpaka mapovu yakaisha, nikafuata ya ubavuni mwa pampu ya noza, kisha ya juu yake. Mwisho nililegeza nati za bomba kwenye noza zote 3, mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa mpaka mwisho, starta isizidi sekunde 15 kwa mkupuo. Kila bomba lilipotema, nikakaza. Washa za shaba, zile pete za kuziba kwenye maungio, zilizokuwa zimeshakuwa ngumu niliziunguza mpaka zikawa nyekundu, nikazitumbukiza majini. Hulainika na kuziba tena.

Ililima saa nzima mfuniko ukiwa umekazwa. Mwenye trekta akauliza kama anaweza kupaka rangi tena pale nilipozibua. Nikamwambia apake, ila achomeke sindano tunduni mpaka rangi ikauke.