Daftari la Tarehe

Alfajiri ya tarehe 7 Julai 2020 njia za kutoka Mombasa zilifunguliwa, baada ya miezi mitatu ya hakuna kutoka wala kuingia kwa ajili ya korona. Kwetu Kibokoni, Mji wa Kale, watu walipeana mkono wa heri kutoka madirishani. Siku hiyo hiyo Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, akatokea kwenye runinga akasema mwaka wa masomo umepotea. Mtihani wa kidato cha nne hautafanywa mpaka mwaka ujao. Baba, ambaye hoteli ilikuwa imemrudisha nyumbani tangu Machi bila mshahara, alicheka kwa puani.

“Basi pumzika, bwana.”

Nipumzike? Nilikuwa nimelala tangu Ramadhani.

Sisi wa Mji wa Kale tulifungiwa mara mbili. Aprili ilifungwa Mombasa nzima, kisha Mei tukafungiwa peke yetu ndani ya ile ile Mombasa, vizuizi vya polisi kwenye njia za kuingia mtaani, mwezi mzima. Idi ilitukuta humo humo. Tuliswali sebuleni, watu watano, na kufikia saa mbili asubuhi nimeketi na kanzu ya mwaka jana, sina pa kwenda, baraza zote tupu.

Usiku silali, nasikiliza paka wakigombana vichochoroni. Mchana sinyanyuki. Walimu walituma maswali kwa WhatsApp, na simu ilikuwa moja, ya Mama, bando likiisha limekwisha. Lakini nisilisingizie bando. Hata maswali yaliyofika sikuyafungua. Mjomba alisema ni uvivu: “Mtoto huyu yuwalala tu!” Nyanya akasema ni jicho, akanifukiza ubani na kunisomea. Ubani haukuniponya, ila nyumba nzima ni yeye tu aliyeona kuwa nina kitu. Neno sonona sikuwa nalijua. Nilijua kifua kizito, kama nimelaliwa na gunia la mchele.

Jioni hiyo ya Julai Mama aliingia chumbani kutafuta karatasi za kufungia mahamri. Alikuwa ameanza kuuza mahamri na mbaazi za nazi tangu mshahara wa Baba ukatike. Akaliokota daftari langu la hisabati, akalifungua achane kurasa za nyuma. Akasita. Akafunua ukurasa mwingine, na mwingine.

Kila ukurasa ulikuwa na tarehe juu, pembeni kulia, imepigiwa mstari kwa rula. Chini yake hakuna kitu. 14 Aprili. 15 Aprili. 16 Aprili. Kila siku nilikuwa naketi, naandika tarehe, napiga mstari ulionyooka vizuri kabisa, halafu mkono unagoma.

Nilingoja matusi.

“Mwanangu, na tarehe hizi zote?”

“Nilikuwa nataka kuanza, Mama.”

Nikalia. Kilio cha kwikwi, cha mvulana wa miaka kumi na minane aliyedhani ameshamaliza mambo hayo. Mama hakuninyamazisha. Alikaa ukingoni mwa kitanda, unga umemganda mpaka viwikoni, akanuka iliki chumba kizima, akangoja. Nilipotulia akanipa kalamu.

“Haya, andika ya leo.”

Nikaandika. 7 Julai 2020. Mstari.

“Unga kilo mbili. Nazi mbili. Sukari, hamira, iliki. Ushaandika? Sasa nipigie hesabu. Mahamri sitini, moja shilingi kumi. Nabaki na ngapi?”

Nikamwambia hesabu haiwezekani bila bei ya mafuta. Akasema mafuta ni yale yale ya jana, hayahesabiwi. Yahesabiwa, nikamwambia. Tukabishana juu ya mafuta mpaka Baba akaja kuchungulia mlangoni.

Kesho yake aliniamsha saa kumi, kafyu ikiisha tu, nikasukume madonge. Nisiseme nilipona. Usiku niliendelea kukesha, na kuna asubuhi niliunguza karai zima kwa kuduwaa nikitazama mafuta.

Tuliporudi shule tarehe 12 Oktoba, mwalimu wa hisabati alitaka kuona tulichofanya nyumbani. Alilishika daftari langu kwa ncha za vidole, maana lilikuwa limelowa mafuta. Akapita Aprili, Mei, Juni, nyeupe. Akafika Julai, akasoma kurasa mbili tatu bila kusema neno. Kisha akainama karibu na dawati langu.

“Na mbaazi mwauzaje?”